Kuamia Ndege

Mwezi wa Mei mwaka jana nilikosa masomo siku tisa kwa sababu ya ndege wanaoenea kiganjani.

Shamba letu la mpunga liko bondeni, chini ya vilima vya Matogoro. Mama aliugua, tukachelewa kupanda majuma matatu. Wenzetu walipokwisha kuvuna, mpunga wetu ndio kwanza ulikuwa unatia maziwa, na ndege wote wa bonde wakatuhamia. Mimi na mdogo wangu tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri mpaka magharibi, tukipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Siku ya saba usingizi ulinishika mchana. Nilipoamka, pembe nzima ya shamba ilikuwa makapi matupu. Godoro langu la bweni lilikuwa linunuliwe kwa mpunga ule.

Niliporudi shuleni nikamwambia mwalimu wa kilimo kwamba kwelea kwelea wametumaliza. Akaniuliza, "Walikuwa rangi gani?" Nikajibu, manjano. "Basi hao ni minana," akasema. Kwelea kwelea ana rangi ya udongo, na dume wakati wa kuzaa huwa na mdomo mwekundu na uso mweusi. Mmoja huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Pigeni hesabu, kundi la ndege milioni 1 humaliza tani 10. Hao huwatesa hasa wakulima wa mtama na uwele wa Dodoma na Singida, na wa mpunga huko Mbeya. Mahindi hawayapendi, maana punje zake ni kubwa na zimefunikwa kwa maganda.

Serikali huwapulizia sumu kwa eropleni jioni, mahali wanapolala. Lakini sumu hiyo huua pia bundi na tai wanaokula mizoga. Watu wa Kondoa huwatega na kuwala, nami naona hiyo ni akili zaidi, ila waliopuliziwa sumu wasiliwe kabisa.

Kwa minana wetu, mwalimu alishauri bonde zima lipande pamoja. Mpunga ukikomaa kwa wakati mmoja, ndege hutawanyika, na kila shamba hupoteza kidogo.

Mwaka huu baba aliwaendea majirani kabla ya mvua, wakapatana juma la kupanda. Mzee mmoja tu alikataa. Tuliamia kwa zamu, nami nikakosa shule siku moja, nayo ilikuwa ya kumsaidia mzee yule.