SOMO: Kikundi kinaponunua hadidiski ya nje



Kuna kikundi kimoja cha akina mama ambacho kwa miaka mitatu kiliandika hesabu zake zote kwenye kompyuta moja. Hisa, mikopo, faini, picha za mradi wa mbuzi, barua kwa chifu, vyote humo. Vitabu vya karatasi viliachwa kwa sababu kompyuta ilionekana safi zaidi. Siku moja stima ilipotea na kurudi mara kadhaa, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi akasema diski imekufa. Kwenye mkutano uliofuata, mama mmoja alisema amebakisha deni la shilingi elfu mbili. Mweka hazina alikumbuka elfu saba. Hakuna aliyekuwa mwizi, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha ukweli. Hadi leo hao wawili wanasalimiana kwa shida.

Kwa hivyo tuzungumze juu ya hadidiski ya nje. Ni kijisanduku kidogo, karibu sawa na Biblia ya mfukoni, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, na sindano nyembamba inayosoma na kuandika juu yake bila kuzigusa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta ya kwanza yenye diski za namna hii, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Hadidiski ya terabaiti moja hubeba kama mara laki mbili ya hizo, na unaitia mkobani.

Lakini kabla hamjachanga pesa, hebu jiulizeni mnataka kuweka nini. Hesabu za kikundi cha watu thelathini, hata za miaka kumi, ni kitu kidogo sana. Zinaenea kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Kinachojaza kompyuta ni picha na video. Picha moja ya simu huwa kama megabaiti 3 hadi 5, kwa hivyo terabaiti moja inabeba picha kama laki mbili. Ni kikundi gani hapa kina picha laki mbili? Kama ni hesabu na barua peke yake, nunueni flashi mbili za kutegemewa, na pesa iliyobaki mnunue chakula cha kuku. Sisemi hivyo kwa mzaha.

Mkiona kweli mnahitaji hadidiski, chagueni ile ndogo ya inchi 2.5. Hiyo hupata stima kutoka kwa kompyuta kupitia waya uleule. Ile kubwa ya inchi 3.5 inahitaji stima yake pembeni, jambo ambalo ni taabu kwa anayetumia sola. Ulizeni bei katika maduka matatu, tena mlinganishe kwa gigabaiti, kwa sababu mara nyingi yenye nafasi maradufu haiongezi bei maradufu. Majina kama Seagate, Western Digital na Toshiba ni ya watengenezaji wa diski zenyewe. Dai risiti na karatasi ya dhamana. Na msishtuke mkiunganisha ile ya terabaiti moja kompyuta ikaonyesha gigabaiti 931. Hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Wizi wenyewe uko kwingine. Siku hizi kuna vifaa bandia vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, vimeandikwa terabaiti nyingi. Ukivifungua, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu, pengine na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kiwe kizito mkononi. Kadi hiyo imefundishwa kuidanganya kompyuta. Unaweka mafaili, majina yanaonekana, unafurahi. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachoingia baadaye kinapotea au kinafuta cha zamani, na huambiwi kitu! Mimi mwenyewe nilinunua kimoja kwa pesa za semina, nikajua baada ya mwezi, na mwenye duka hakunikumbuka tena.

Dawa yake ni kupima kabla muda wa kurudisha haujaisha. Iko programu ya bure inayoitwa H2testw. Hujaza hadidiski tupu hadi juu, kisha husoma yote iliyoandika na kukuambia kama yamo. Inaweza kuchukua usiku kucha au zaidi. Iacheni ifanye kazi.

Kuhusu mitumba: mimi siikatai, ila siiamini. Fundi aifungulie programu ya CrystalDiskInfo mbele yenu, muone saa ilizotumika na hali yake. Ikisema kuna hitilafu, ondokeni. Njia nyingine ya bei nafuu: kompyuta ya mapajani ikiharibika lakini diski yake ingali nzima, fundi anaweza kuitoa na kuitia kwenye kasha la USB. Kasha ni rahisi kuliko hadidiski mpya.

Sasa matumizi. Usiisogeze wala kuiangusha inapozunguka. Kabla ya kuchomoa, iambie kompyuta kwanza kwamba unaitoa. Na hapa ndipo wengi wanakosea: wanahamisha mafaili yote kwenye hadidiski, halafu wanayafuta kwenye kompyuta ili ipate nafasi. Basi yamebaki mahali pamoja tu, palepale tulipoanzia. Hadidiski nayo hufa, huibiwa, hunyeshewa. Hesabu ziwe kwenye kompyuta, kwenye hadidiski, na nakala ya tatu kwenye nyumba nyingine. Mweka hazina asiweke kompyuta na hadidiski kwenye kabati moja. Na kurasa za hisa na mikopo zichapishwe kila mwezi, wanachama watie sahihi.

Tena kumbukeni mle ndani mna namba za vitambulisho na simu za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazigusa. Hadidiski isiazimwe vijana wanakilie sinema.

Ya kujadiliana kikundini:

Kompyuta tunayotumia ikikataa kuwaka kesho, tutajuaje kila mmoja ana hisa ngapi?

Nani atanakili hesabu, siku gani, na nani atamkagua?

Nakala ya pili italala nyumba gani, na mwenye nyumba hiyo amekubali?