Dondoo muhimu: Jina la anwani ya IP lithibitishwe kwanza

Programu inapouliza jina la anwani ya IP, jibu hutoka kwa anayesimamia anwani, si kwa mwenye jina. Anwani 192.0.2.10 hugeuzwa kuwa 10.2.0.192.in-addr.arpa, na msimamizi wake anaweza kuandika hapo jina lolote, hata la benki. Kwa hiyo jina hilo ni dai tu. Lichukue, uliza anwani zake, kisha ulikubali pale tu anwani uliyoanza nayo inapokuwamo. Google yenyewe huwashauri wenye tovuti kuitambua Googlebot, roboti yake inayosoma tovuti, kwa njia hii, kwa sababu jina ambalo roboti hujitambulisha nalo ndani ya ombi huigwa kirahisi mno.

Wapo watakaosema maswali mawili yanachelewesha seva. Ni kweli, na getnameinfo, kitendakazi kinachouliza jina la anwani, huizuia programu isiendelee hadi jibu lije. Lakini dawa ni kuhifadhi majibu kwa muda na kuuliza pembeni, mteja akiwa ameshahudumiwa, si kuacha kuthibitisha. Anwani nyingi hazina jina kabisa: andika namba yenyewe kwenye kumbukumbu. Kumfungia mtu mlango kwa kukosa jina ni kumwonea, maana mteja wa kawaida hana mamlaka juu ya rekodi ya jina la anwani yake. Seva za barua pepe ndizo zinazotarajiwa kuwa nayo.