Taa Nyekundu ya Breki Ikiwaka, Usiizoee

Barabara ya Naivasha, inayopita Riruta Satellite kuelekea Kawangware, haimpi dereva nafasi ya kukosea. Matatu husimama ghafla kuchukua abiria, bodaboda hupenya katikati, wachuuzi hupanga bidhaa ukingoni na watoto huvuka wakienda shule. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Breki ikichelewa kidogo, wa kwanza kuumia huwa ni anayetembea kwa miguu.

Taa nyekundu inasema nini?

Ni duara lenye alama ya mshangao ndani yake. Kwanza, hakikisha umeachilia breki ya mkono. Ikiwa taa bado inawaka, huenda mafuta ya breki yamepungua au sehemu ya mfumo imepoteza nguvu.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Breki za magari mengi zimegawanywa katika njia mbili, ili moja ikipasuka nyingine isaidie. Dereva anakanyaga, gari linasimama, naye anasema breki ziko. Kweli ziko, lakini si zote. Gari sasa linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na njia iliyobaki ikiharibika, hakuna ya tatu.

Mafuta ya breki hupungua kwa sababu yanavuja au kwa sababu pedi zimelika. Kuyaongeza tu huzima taa bila kuondoa tatizo. Taa inayowaka ukiteremka au ukikata kona, kisha ikazima, nayo ni onyo la mapema.

Na taa ya manjano ya ABS?

Breki za kawaida bado zinafanya kazi. Hata hivyo, ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji, magurudumu yanaweza kujifunga na gari likakataa kufuata usukani. Endesha polepole hadi kwa fundi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu, usiendelee na safari.

Jaribio la kila asubuhi

Zungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini. Taa hizi zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi. Isiyowaka kabisa huenda imeungua au imechomolewa ili kuficha kasoro. Anayenunua gari lililotumika asiache kufanya jaribio hili.

Ikiwaka ukiwa safarini

1. Ondoa mguu kwenye mafuta na uwashe taa za hadhari.
2. Punguza gia hatua kwa hatua na uegeshe kando ya barabara.
3. Pedali ikizama, ikanyage mara kadhaa kwa haraka, kisha vuta breki ya mkono taratibu.
4. Weka pembetatu za tahadhari, uite fundi. Kukiwa na majeruhi, piga 999 au 112.

Kwa wenye matatu

Cheti cha ukaguzi cha NTSA huonyesha hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakijui kilichotokea jana jioni. Dereva anayedaiwa hesabu ya siku atashawishika kumaliza raundi moja zaidi taa ikiwa inawaka. Mwambie mapema kwamba taa hiyo ikiwaka, gari linaenda gereji na hesabu ya siku hiyo hutamdai. Nawe abiria, ukiiona, muulize dereva kwa heshima. Asipojali, shuka.