LAPTOPU ILIYOLALA IKAKATAA KUAMKA

Wanakisomo wenzetu, siku hizi ile kompyuta ndogo inayofunikwa kama kitabu, yaani laptopu, imefika mpaka vijijini. Utaikuta kwenye ofisi ya kijiji, utaikuta kwenye chama cha msingi, na hata katika vikundi vya kuweka na kukopa. Pamoja nayo yamekuja malalamiko. Moja ni hili: "Niliiacha nzima. Nikaifunika, nikaenda kula. Niliporudi imekufa, na kazi yote haipo."

Katika somo la leo tutatafuta chanzo cha ugonjwa huo. Hatuhitaji kuwa mafundi. Tunahitaji macho, subira na kalamu.

Kwanza tufahamu kulala ni nini. Ukiifunika laptopu, mara nyingi haizimiki. Inalala tu. Kioo kinakuwa cheusi na feni inanyamaza, lakini umeme kidogo unaendelea kupita ndani. Ni kama kaa la moto lililofukiwa kwenye majivu usiku. Jiko linaonekana baridi, kumbe moto upo, na asubuhi ni kupuliza tu.

Sasa, kompyuta ina mahali pawili pa kuweka kazi. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda. Hapo ni kama ubao wa darasa letu la kisomo: maandishi yanasomeka upesi, lakini kifutio kikipita yamekwisha. Kifutio cha kompyuta ni kukatika kwa umeme. Pa pili ni diski. Diski ni daftari. Hata umeme usipokuwapo mwaka mzima, maandishi yatabaki. Unapochapa, kazi hukaa kwanza ubaoni. Huhamia daftarini pale unapoihifadhi. Ziko programu zinazojihifadhia zenyewe kila baada ya muda, lakini si zote, na si vizuri kuzitegemea.

Basi laptopu inapolala, kazi ambayo haijahifadhiwa bado iko ubaoni. Lile kaa likizimika, ubao umefutwa.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha korosho. Ni Oktoba, msimu umeanza. Karani amechapa kilo za wakulima 63 tangu asubuhi. Saa saba anaifunika mashine aende kula. Saa nane anaifunua: kioo cheusi. Anaiwasha upya, orodha haipo. Huko nje wakulima wameanza kunong'ona: "Karani amekula kilo zetu." Hapo shida si ya mashine tena, ni ya watu. Chama hicho kitaokolewa na vishina vya stakabadhi za karatasi, kama vipo. Sisi tunaona ni makosa makubwa kuacha karatasi eti kwa sababu kompyuta imeletwa.

Haya, tuseme mashine imegoma kuamka. Usianze kuipigapiga. Itazame taa yake ndogo ya umeme.

Kama taa haiwaki kabisa, inaelekea umeme umekwisha. Chomeka chaja, ngoja robo saa, kisha iwashe. Kama taa inawaka, au feni inavuma na kioo ni cheusi, basi mashine imekwama njiani katika kuamka. Gusa kitufe kimoja cha herufi, ungoje dakika moja. Ikikataa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime kabisa. Huchukua kama sekunde 10 au zaidi kidogo. Halafu iwashe upya. Programu ya hesabu ikifunguka huenda ikakuonyesha nakala iliyookoa. Usiifunge kwa haraka! Isome kwanza, uihifadhi.

Dalili hizo mbili zina vyanzo tofauti. Tuanze na ile ya taa iliyozimika. Hapo mshukiwa wa kwanza ni betri. Betri ya laptopu huchakaa. Ikishajazwa na kutumika mara mia kadhaa, haishiki umeme kama zamani. Ipime hivi: ihifadhi kazi, acha mashine ilale usiku mmoja ikiwa kwenye chaja, mahali ambapo umeme haukatiki. Usiku wa pili ilale bila chaja. Ikiamka vizuri siku ya kwanza na kufa siku ya pili, betri ndiyo mgonjwa.

Kwa wenye mashine za Windows, kuna kipimo kingine. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litatokea dirisha jeusi. Andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter tena. Mashine itakuambia imeiweka wapi taarifa yake. Ifungue, utafute nambari mbili: "Design Capacity" ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya, "Full Charge Capacity" ni uwezo wake wa sasa. Mathalani ya kwanza ni 40,000 na ya pili ni 16,000. Gawanya, utapata asilimia 40. Betri hiyo imebakiza chini ya nusu ya nguvu zake. Na kama betri imevimba, acha kuitumia wala usiitoboe. Inaweza kushika moto.

Lakini hata betri nzima huweza kuisha. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazilali usingizi mzito. Zinaamka zenyewe kidogo kidogo kutafuta intaneti. Ukiitia mashine ya namna hiyo ndani ya mkoba, inapata joto, inakula betri, na mwisho hujizima ili isiungue.

Ile dalili ya taa kuwaka ni ngumu zaidi. Ndani ya kompyuta kila kifaa, kama kioo au kile cha kunasa intaneti, kina programu ndogo inayokiendesha. Moja ikishindwa kuamka, zote zinaweza kukwama. Chomoa modemu, flashi na kipanya, kisha ujaribu kuilaza na kuiamsha. Ikiamka sasa, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Usibadilishe mambo mawili kwa mpigo, hutajua lipi limeponya. Bado inagoma? Sasisha programu hizo kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu hiyo. Wenye Windows 10 wafahamu kuwa msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Wapo mafundi ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni "kupiga windo," yaani kuweka Windows upya. Kazi hiyo huweza kufuta daftari lote, na haiponyi betri chakavu. Mwambie kwanza uliyoyaona, umwonyeshe ulivyoandika: taa ilikuwaje, chaja ilikuwapo au la. Muombe pia apime kumbukumbu ya muda, maana nayo huharibika.

Wakati unangoja, badilisha kile ambacho mfuniko hufanya. Katika mipangilio ya umeme, mahali palipoandikwa "Sleep" chagua "Hibernate" kama ipo. Hapo mashine itanakili ubao wote kwenye diski kisha izime. Kuamka kwake ni taratibu kidogo, lakini haihitaji kaa la moto. Na kabla ya kuifunika, shika Ctrl, bonyeza S.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Betri ilikuwa na uwezo wa 50,000 ilipokuwa mpya. Sasa ni 15,000. Imebaki asilimia ngapi?

2. Laptopu ya chama chenu ikifa leo saa saba mchana, orodha ya kilo au ya michango mtaipata wapi, na nani anaitunza?