TAA YA LED NYUMBANI: ITENGENEZE BILA HATARI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani hapa Lusangi, taa ya LED haitoi moshi kama taa ya mafuta. Lakini usiiunge moja kwa moja kwenye betri: itapitisha umeme kupita kiasi na kuungua. Inahitaji rezistansi, kifaa kidogo cha kupunguza umeme.

Hesabu ni hii. LED ndogo nyeupe 3 zikifuatana hutumia volti 9. Betri ya volti 12 ikichajiwa hukaribia 15. Zinabaki 6, gawa kwa ampea 0.02, unapata omu 300. Weka rezistansi ya 300 au 330.

Kisha weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Waya zikigusana usiku, fyuzi itakatika kabla nyumba haijashika moto, watoto wamelala.