Usingoje Kurudi Nyumbani Ndipo Ufurahi

SOMO LA WIKI
Kusoma: Yeremia 28:1-4, Yeremia 29:4-7, Nehemia 8:9-12, Danieli 1:8-14



Wengi wenu mnajua nilikuwa Doha, Qatar, nikifanya kazi ya ulinzi. Mkataba ulikuwa wa miaka 2. Mliniombea hapa mbele ya madhabahu, nami nikaondoka nimejiwekea sheria moja: huko ni kazi, kulala na kutuma pesa. Maisha nitayaishi nikirudi.

Miaka 2 ikawa 5.

Kule wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo ibada yetu kubwa ilikuwa Ijumaa. Makanisa yako pamoja katika eneo moja lililotengwa. Kwa nje huoni msalaba, lakini ukiingia ndani unasikia Mungu akisifiwa kwa lugha nyingi. Mimi nilikuwa nikitoka ibadani narudi moja kwa moja kitandani. Krismasi ni siku ya kazi kama nyingine, na ile yangu ya kwanza niliimaliza getini nikiwa nimevaa yunifomu.

Chumbani tulikuwa watu 6. Kitanda cha chini yangu alilala kijana Mkenya, ndugu katika imani. Mwezi huo huo wa Disemba mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza. Akaniambia, "Kaka, tununue kuku, tupike chapati, tuwaite wale wa chumba cha pili, tumshukuru Mungu."

Nikamjibu, "Hizo pesa si utume nyumbani? Hatukuja huku kula kuku."

Alicheka kidogo, akaweka simu yake chini ya mto. Kuku hakupikwa. Baada ya siku hiyo hakutuambia tena habari zake, na kufikia Pasaka alikuwa ameacha kuja ibadani. Alipata wengine wa kucheka nao, na hao walicheka chupa ikiwa katikati. Sisemi kuku mmoja angemwokoa. Lakini alibisha kwangu kwanza, na mimi ndiye niliyejiita mtu wa Mungu.

1. Mungu hakusema tungoje

Siku moja ya ofu nilikuwa nikisoma Yeremia, nikashtuka. Watu wa Yuda walikuwa wamepelekwa Babeli. Nabii wa uongo, Hanania, akatangaza kwamba katika miaka 2 mambo yote yatarudi kama zamani. Miaka 2, kama mkataba wangu! Yeremia akawaandikia barua tofauti: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, waozeni watoto wenu, uombeeni mji huo amani.

Sasa niambie, utamwozaje mtoto bila sherehe? Mungu alijua kutakuwa na harusi Babeli. Aliwaruhusu kucheka wakiwa ugenini, na hakuwaambia wamsahau Yerusalemu. Kulia kwa kukumbuka nyumbani si dhambi. Kosa langu lilikuwa kufanya huzuni iwe sheria, halafu nikaiita utakatifu.

2. Furaha ina mipaka, na mipaka ina adabu

Danieli alikataa chakula cha mfalme, lakini angalia alivyokataa. Aliomba ruhusa, akapendekeza wajaribiwe siku 10. Hakutukana mtu wala hakuacha kazi yake.

Mwenzetu Mwislamu kutoka Mombasa alituletea pilau siku ya Idi. Nilikula, nikamshukuru, na imani yangu ilibaki pale pale. Mchana wa Ramadhani hatukula hadharani, kwa sababu sheria ya nchi ile hairuhusu, na pia ni heshima kwa wanaofunga. Lakini nikialikwa mahali pa pombe nilisema, "Asante ndugu, hapo sitafika, ila kesho njoo tunywe chai." Ukikataa, mwachie mtu mlango wa kurudi kwako.

3. Sherehe ya kweli ina sahani ya asiye na kitu

Katika Nehemia 8 watu walikuwa wakilia. Wakaambiwa waende wale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Hiyo ndiyo sherehe ya Biblia.

Mwaka wa pili tulikubaliana hivi: kila mtu atume ya nyumbani kwanza, ndipo atoe kidogo cha chakula. Hakuna kukopa kwa ajili ya karamu. Tarehe 12 Disemba tukaadhimisha Jamhuri kwa chapati na maharagwe. Tarehe 18, Siku ya Taifa ya Qatar, walio ofu wakatembea Corniche kufurahi na wenyeji. Krismasi tukala usiku, wa shifti ya jioni waliporudi.

Kabla ya usiku huo nilimwendea yule kijana, nikamwambia, "Nilikukosea. Nisamehe." Alikuja amechelewa, akakaa karibu na mlango, akala. Baadaye akatoa simu akatuonyesha mtoto wake akijaribu kutembea. Ijumaa iliyofuata hakuja ibadani. Bado namwombea.

Kwetu tulio nyumbani

Tuna watoto, waume na dada zetu Ghuba, Ulaya na Marekani. Mara nyingi tunawapigia simu kukiwa na karo au hospitali. Tukiona picha wamekaa mezani wakicheka, tunasema, "Kumbe pesa ziko!" Mpendwa, meza hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomshikilia asianguke. Wiki hii mpigie mmoja usimwombe kitu. Muulize amekula nini, na amekula na nani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni furaha gani unayoiahirisha ukisema "mambo yakikaa sawa"?
2. Utajuaje mwaliko wa kukubali na wa kukataa?
3. Nani mtaani kwetu ni mgeni, na hajawahi kualikwa kwako?

Tuombe
Baba, walinde watu wetu walio mbali. Wape marafiki wema na meza safi. Utusamehe pale tulipomfungia ndugu mlango. Katika jina la Yesu, Amina.