Mpako wa Kuihifadhi Lami

Swali: Ua wetu wa lami umepauka na kuingia nyufa nyembamba. Je, mpako wa juu utaufaa?

Jibu: Naam, utaufaa, madhali tabaka ya chini ingali thabiti, kwani jua na hewa huikausha lami hata ikakakamaa na kupasuka, kisha maji hupenya na kuidhoofisha ardhi iliyoibeba, na hapo ndipo penye hasara kubwa. Zibeni nyufa kwanza, ondoeni vumbi na mafuta, ndipo mpake mara mbili, mwembamba kila mara, wakati wa kiangazi, na magari yazuiliwe walau saa 24. Palipobonyea pafukuliwe na kujengwa upya, maana mpako hauongezi nguvu. Nami nawasihi muuepuke mpako utokanao na lami ya makaa ya mawe, ambao mji wa Austin, Marekani, uliupiga marufuku tangu mwaka 2006 kwa sababu ya sumu yake, ambayo mvua huichukua mpaka vijitoni.